Ustahili Hauanzii Mlangoni mwa Chuo

Hoja zenyewe mmezisikia. Kila shirika la KUCCPS linapotangaza nafasi za vyuo vikuu, kila idara ya serikali inapotangaza kazi, hurudi zilezile: mpeni nafasi anayestahili, acheni upendeleo, alama ndizo ziseme. Nimezisikiliza redioni na katika vyumba vya walimu, na baadhi ya wanaozitoa ni watu ninaowaheshimu. Sitawasingizia. Kila hoja nitaieleza kama wao wanavyoieleza wanapoisema vizuri, kisha tuipime pamoja. Hukumu ni yenu. Ninachoomba ni kwamba neno "ustahili" lisipokelewe kama ushahidi kabla ya mtu kueleza maana yake.

Kinachobishaniwa nchini Kenya si kitu kimoja. Kuna wasichana na wanafunzi wa maeneo yaliyotengwa wanaopunguziwa alama kidogo ili wapate kozi zenye ushindani. Kuna asilimia 5 ya nafasi za uteuzi na uchaguzi ambayo Katiba inataka hatua kwa hatua iwafikie watu wenye ulemavu. Kuna sheria ya mwaka 2008 ya uwiano na utangamano wa kitaifa, inayokataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Mimi nayaita yote haya usawazishaji. Wao huyaita upendeleo.

Hoja iliyo mama wa nyingine zote ni hii: mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari ni mmoja, karatasi ni ileile, muda ni uleule. Basi aliyepata A- amemshinda aliyepata B, na kumpa wa B nafasi ya wa A- ni kumdhulumu.

Nakubali kwamba mtihani ni mmoja. Kosa limo katika neno "basi".

Nilifundisha kemia miaka minne katika shule ya kutwa kando ya Mto Tana. Maabara yetu ilikuwa darasa lenye meza tatu za mbao na kabati la kufuli. Ndani ya kabati mlikuwa na bureti mbili nzima na moja iliyovunjika ncha. Wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa 38. Kemikali zilikuwa haba, kwa hiyo majaribio niliyafanya mimi mbele ya darasa, wao wakitazama na kuandika. Bureti za kutosha zilifika wiki ya mtihani, za kuazima, zimeletwa kwa pikipiki zikiwa zimeviringishwa kwa magazeti. Siku ya karatasi ya tatu, ile ya vitendo yenye alama 40, msichana aliyeongoza darasa tangu kidato cha kwanza alishika koki ya bureti kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akaifungua kupita kiasi. Rangi ya waridi ndani ya chupa ikatoweka kabla hajajua imeanza kufifia. Akainyanyua chupa, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akawa anatafuta rangi ambayo haikuwapo tena. Nilimwona kutoka mlangoni. Nilijua alipokosea na sikuruhusiwa kutamka neno. Hesabu za moli alizijua kuliko nilivyozijua mimi nilipokuwa na umri wake. Alipata B.

Saa hiyohiyo, katika shule yenye maabara tatu na mtaalamu wa maabara, mtoto wa rika lake alikuwa akilirudia zoezi hilo kwa mara ya ishirini au thelathini. Mahakimu wangu, tofauti ya alama kati ya watoto hawa wawili inapima nini? Inapima vitu viwili vilivyochanganywa katika herufi moja: uwezo wa mtoto na idadi ya bureti. Anayetaka alama ziseme hana budi atuambie zinasema habari za kipi kati ya hivyo viwili. Wapinzani hawatuambii. Wanaisoma ile herufi kana kwamba yote ilitoka kichwani mwa mtoto.

Na kanuni ninayoitetea hapa wameshaikubali mahali pengine. Mtahiniwa asiyeona hupewa karatasi ya breli na muda wa ziada. Sijasikia mtu akiita jambo hilo wizi, kwa sababu kila mmoja anaelewa kwamba bila marekebisho hayo mtihani ungepima macho ya mtoto badala ya akili yake. Aliyekubali hilo amekubali kwamba kipimo kinaweza kurekebishwa ili kipime kinachodaiwa kupimwa. Kilichobaki ni kubishana kama ukosefu wa maabara unahesabika. Mimi niliyesimama mlangoni siku ile nasema unahesabika.

Hoja ya pili huja kama swali, na huulizwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda: wewe ungekubali kupasuliwa na daktari aliyeingia chuoni kwa upendeleo? Maana yake ni kwamba ukishusha alama za kuingia, umeshusha kiwango cha anayetoka.

Swali hilo linachanganya milango miwili. Usawazishaji unagusa mlango wa kuingilia. Mlango wa kutokea, yaani mitihani ya kila mwaka, mafunzo ya wodini na idhini ya baraza la madaktari, haupunguzii mtu hata nusu alama kwa kuwa ametoka Wajir au kwa kuwa ni mwanamke. Hata huko kwenye kuingia, kiwango cha chini cha kusomea shahada kinabaki C+ kwa wote. Mstari unaopanda hadi A katika udaktari hupandishwa na uchache wa viti. Viti vikiongezwa, mstari unashuka, na hakuna anayelalamika kwamba madaktari wameharibika.

Lakini kilichonifanya niandike makala haya ni jambo ambalo wanaouliza swali la daktari hawaligusi kamwe. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua mlango wa wanaojilipia, ule uliokuja kuitwa Module II, na vyuo vingine vya umma vikaufuata. Kijana aliyekuwa na C+ au zaidi lakini amekosa mstari wa kuingia sheria, uhandisi au udaktari aliweza kuingia kozi ileile, akaketi darasa lilelile, mradi wazazi wake walikuwa na karo. Hayo yaliendelea kwa takriban miongo miwili. Maelfu walipita. Wengi wao leo ni mawakili, wahandisi na madaktari wazuri, na sina neno baya juu yao. Nauliza tu: wakati ule swali la daktari lilikuwa wapi? Alama zilipopunguzwa kwa ajili ya pesa za mzazi, tuliambiwa ni upanuzi wa elimu. Zinapopunguzwa kwa ajili ya msichana wa Mto Tana, tunaambiwa ni kuporomoka kwa viwango. Ikiwa alama pungufu za kuingilia huzaa daktari hatari, basi zilimzaa katika hali zote mbili. Ikiwa hazimzai, hoja imekufa. Mpinzani achague, ila hawezi kushika yote mawili.

Tuna ushahidi wa karibu pia. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza mwaka 1990 kuwaongezea wasichana alama 1.5 katika udahili. Wakati huo wasichana walikuwa chini ya theluthi moja ya wanafunzi. Miongo miwili baadaye walikuwa wamevuka asilimia 40. Makerere haikuporomoka kwa ajili yao. Hapa Nairobi, shule ya Starehe, iliyoanzishwa mwaka 1959, iliwachukua wavulana ambao umaskini wao ulikuwa sababu ya kuchukuliwa, na kwa miaka mingi ikakaa miongoni mwa shule za kwanza nchini katika mitihani ya taifa.

Hoja ya sheria huletwa kwa kujiamini sana. Kifungu cha 27(4) cha Katiba ya 2010, wanasema, kinakataza Serikali kumbagua mtu kwa misingi ya jinsia, kabila au asili yake. Na Kifungu cha 232 kinataka ajira za umma zitolewe kwa ushindani wa haki na ustahili. Upendeleo unavunja vyote viwili.

Tatizo ni kwamba wameacha kusoma mapema mno. Aya mbili tu baada ya ile wanayoitaja, Kifungu cha 27(6) kinaiagiza Serikali ichukue hatua, ikiwemo mipango ya usawazishaji, kurekebisha hasara waliyopata watu au makundi kutokana na ubaguzi wa zamani. Ni agizo, si ruhusa. Na Kifungu cha 232(1)(g), kile cha ustahili, kinaanza kwa sharti: kinafuata yaliyomo katika (h) na (i), yaani uwakilishi wa jamii mbalimbali za Kenya, na nafasi sawa za ajira, mafunzo na kupanda cheo kwa wanaume na wanawake, kwa makabila yote na kwa watu wenye ulemavu. Waandishi wa Katiba waliuweka ustahili pale kwa makusudi, wakauwekea mipaka kwa makusudi. Mtu ana haki ya kusema Katiba ilikosea. Hana haki ya kusema Katiba iko upande wake huku amekunja nusu ya ukurasa.

Sasa niingie kwenye hoja ninayoiona nzito kuliko zote, kwa kuwa husemwa na watu wenye nia njema. Wanasema: tatizo ni shule ya msingi isiyo na walimu. Kumpa kijana nafasi chuoni ni kufunika kidonda bila kukisafisha. Anzeni chini. Jengeni maabara, pelekeni walimu, kisha kila mtu ashindane.

Nakubaliana nao kwamba lazima kuanzia chini. Nawauliza: nani atapelekwa?

Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilitekwa na Al-Shabaab, abiria 28 wakauawa, miongoni mwao walimu waliokuwa wakienda nyumbani kwa likizo. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa. Baada ya hapo tume ya kuajiri walimu, TSC, iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka eneo la kaskazini mashariki. Siwalaumu walimu hao hata kidogo; ningekuwa mimi ningeondoka. Lakini yapo madarasa yaliyobaki na wanafunzi, ubao na mlango uliofungwa. Atakayebaki katika shule hizo ni yule ambaye nyumbani kwao ni hapo. Na ili awe mwalimu lazima aingie chuo cha ualimu. Na ili aingie, lazima afikishe alama ambazo shule isiyo na walimu haikumwezesha kuzifikisha. Mduara umefunga. Anayesema "anzeni chini kwanza, usawazishaji baadaye" ameweka sharti ambalo haliwezi kutimizwa bila kile anachokiahirisha.

Mwaka 2018 Wizara ya Elimu ilipotaka kulegeza alama za kuingia vyuo vya ualimu kwa ajili ya kaunti hizo, TSC ilipinga, ikihofia kwamba mwalimu dhaifu atazaa wanafunzi dhaifu. Hofu hiyo ni ya kweli, na nikiwa mwalimu naielewa. Jibu lake ni kuongeza muda wa kumwandaa mtu kabla hajaanza kozi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifanya jambo la namna hiyo miaka ya 1990 kwa wasichana wa sayansi waliokaribia mstari bila kuufikia: waliitwa mapema, wakapewa mafunzo ya awali, wakapimwa, waliofaulu wakaingia. Alama ya kutokea haikuguswa. Nimewahi kuueleza mpango huo kwa watu wanaosema "anzeni chini", na jibu nililopata ni kwamba ni ghali. Basi mjadala umehama. Tulianza na ustahili, tumeishia kwenye gharama, na tungeokoa muda kama wangeanza nayo.

Wako wanaosema usawazishaji hauwafikii maskini. Mtoto wa waziri aliyesoma shule ya kimataifa Nairobi huingia chuoni kwa nafasi ya kaunti ya babu yake, na mtoto wa mfugaji hubaki na mbuzi. Hii ni kweli. Mpango wa Makerere nao ulikosolewa kwa haki kwa sababu zile alama 1.5 alipewa kila msichana, hata yule wa shule ya bweni ya gharama kubwa. Nimewaona wazazi wanaomsajili mtoto shule ya kijijini mwaka wa mtihani tu ili apate nafasi ya huko, na hasira yangu juu yao haipungui ya mtu yeyote.

Ila tazameni hoja hii inathibitisha nini. Inathibitisha kwamba chekecheo lina matundu makubwa. Haithibitishi kwamba tuache kuchekecha. Katiba yenyewe, Kifungu cha 27(7), inataka faida ya hatua hizi itolewe kwa msingi wa uhitaji wa kweli. Kwa hiyo tuangalie shule aliyosoma mtoto kwa miaka yote minne, tuangalie hali ya nyumbani kwao, tuache kutazama jina la kaunti peke yake. Mwaka 2023 Serikali ilianza kuwapanga wanafunzi wa vyuo kwa uwezo wa familia ili kugawa mikopo na ufadhili. Mfumo huo una kasoro kubwa na umefikishwa mahakamani, lakini unaonyesha kwamba kuulizia hali ya nyumbani si jambo lisilofikirika. Na hapa ndipo ninapowashika wapinzani: anayemlilia mtoto wa mfugaji katika sentensi ya kwanza, kisha katika sentensi ya pili akataka mpango wote ufutwe, anampokonya mtoto huyohuyo nafasi ndogo aliyobakiwa nayo.

Katika ajira hoja hubadilika kidogo. Kazi si zawadi, wanasema. Mwajiri ana haki ya kumtafuta bora, na jopo la usaili lenye karatasi ya alama linatosha kumpata.

Niliwahi kukaa katika jopo la namna hiyo. Ofisi siitaji. Tulikuwa tunatafuta karani wa stoo: mtu wa kupokea mizigo, kuhesabu, kuandika daftari. Kulikuwa na jaribio la kuandika, na kijana kutoka Hola alilimaliza bila kosa hata moja. Safu zake za tarakimu zilinyooka kama zimepigwa rula. Kisha ukaja usaili. Karatasi yetu ilikuwa na kisanduku cha "uwezo wa kujieleza", alama 20. Kijana alizungumza Kiingereza taratibu, akitafuta maneno. Wenzangu wawili walimpa 7 na 8. Aliyempita alikuwa amekosea sehemu mbili katika daftari lakini alisema vizuri sana, na alikuwa na mwaka mmoja wa uzoefu, alioupata kwa kufanya kazi bila malipo mjini akiishi kwa shangazi yake. Nilipinga nikashindwa kwa kura. Hakuna aliyevunja kanuni. Karatasi ilijazwa, ikajumlishwa, ikatiwa sahihi, na jumla ile ikaitwa ustahili. Mzigo stoo hausemi Kiingereza.

Hapo sijagusa kujuana. Kila anayesoma makala haya anajua swali la "wewe ni mtu wa nani?" na anajua linavyojibiwa. Sheria ya theluthi moja iliwekwa kwa sababu hiyo. Inamzuia mkubwa wa ofisi asiajiri kijiji chake. Wanaoiona kama adui wa ustahili waeleze taasisi iliyojaza jamii moja ilipata bahati gani hata vipaji vyote vya nchi vikazaliwa upande mmoja wa mlima.

Na haki inanidai niseme jambo ambalo watu wa upande wangu hawalipendi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi katika kaunti ziwaendee watu wasio wa jamii kubwa ya pale. Viongozi wetu wanaodai uwiano wakiwa Nairobi, wakirudi nyumbani husema "watu wetu kwanza". Huo ni undumakuwili uleule ninaoushambulia, na haupungui uovu kwa kuwa anayeufanya ametoka pembezoni. Kanuni ikifaa Nairobi, inafaa Hola na Wajir.

Juu ya hoja ya aibu sitakaa sana. Husemwa kwamba anayeinuliwa kwa usawazishaji hubeba doa, kila mtu humtilia shaka. Shaka hiyo hupandwa na wale wanaoirudia, na mtu hawezi kumpaka mwenzake tope kisha akamhurumia kwa kuchafuka. Waliosoma Module II hawakutembea na doa. Doa linabandikwa kwa kuchagua.

Tangu Juni 2023 tumepata hoja mpya kutoka ng'ambo. Tarehe 29 mwezi huo Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua dhidi ya vyuo vikuu vya Harvard na North Carolina, ikazuia rangi ya mwombaji kuwa kigezo cha udahili. Wapinzani wetu wakashangilia: hata Wamarekani wameacha, sisi tunang'ang'ania nini?

Kwanza, majaji wale walikuwa wakifasiri katiba yao, hasa Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868, ambayo hayana kifungu kinachoiagiza serikali kusawazisha. Yetu inacho. Kuchukua hukumu ya Washington kuja kufutia aya ya Katiba ya Kenya ni sawa na kuhukumu mechi ya kandanda kwa kanuni za voliboli. Pili, hukumu hiyo haikuwagusa wanaopendelewa kwa sababu nyingine. Wachumi waliochambua rekodi zilizotolewa katika kesi ya Harvard walikuta kwamba zaidi ya asilimia 43 ya Wazungu waliokubaliwa walikuwa wanamichezo waliotafutwa na chuo, watoto wa waliosoma hapo, watoto wa wafanyakazi wa chuo, au watu walioorodheshwa pembeni na mkuu wa udahili, orodha inayohusishwa na wafadhili. Milango hiyo ilibaki wazi siku ya hukumu. Anayetuletea Harvard kama mfano wa ustahili uliorudishwa atuletee na hizo habari.

Mwisho huja swali la lini. Uhuru ulipatikana mwaka 1963, ugatuzi ulianza 2013, kaunti zilizotengwa zina mabilioni yao na magavana wao wanaoyala. Watabebwa hadi lini?

Magavana wanaokula wafungwe. Mtoto aliyekosa bureti hakuwapigia kura. Ila kumbukeni saa ya hasara hii ilianza lini. Waraka wa Kikao Namba 10 wa mwaka 1965 uliweka wazi kwamba fedha za maendeleo zielekezwe pale zitakapozaa zaidi: penye ardhi nzuri na mvua, penye barabara na umeme, penye watu walio tayari kupokea maendeleo. Kaskazini mashariki iliishi chini ya sheria za hali ya hatari hadi 1991. Matokeo yanahesabika: utafiti wa Serikali wa 2015/16 ulikuta takriban asilimia 79 ya watu wa Turkana na 78 ya watu wa Mandera wakiishi chini ya mstari wa umaskini, Nairobi walikuwa takriban 17. Hayo hayakuletwa na jua. Yaliandikwa kwenye waraka, yakapitishwa, yakatekelezwa kwa miongo.

Na kuhusu mwisho, Katiba imeshaweka tarehe. Kifungu cha 204 kilianzisha Hazina ya Usawazishaji: asilimia 0.5 ya mapato ya Serikali ya kitaifa kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa, kwa miaka 20 tangu 2010, isipokuwa Bunge liongeze muda. Maabara haiendi bila maji na umeme, kwa hiyo fedha hizo ndizo hasa "kuanzia chini" tunakohubiriwa. Zilikwama kwa miaka mingi kabla ya kuanza kufika, na 2030 inakaribia. Wanaotaka kujua usawazishaji wa vyuoni utaisha lini wana mahali pa kwenda kuuliza: Hazina Kuu, wakiwa na hesabu ya malimbikizo mkononi. Nimefuatilia mjadala huu kwa miaka, na kati ya wote ninaowajibu hapa sijamwona mmoja aliyekwenda kuzidai fedha hizo.